Maswali yenu kuhusu API (mlango ambao programu moja inapitia kuiomba kitu programu nyingine), nayajibu

Asalaam aleikum kaka, nasikia watu wa programu wanamtajataja Dieter Rams, si yule ni wa redio? (Langoni)

Waaleikum salaam. Ndo huyohuyo, Mjerumani wa redio na kalkuleta za Braun, na yale mambo yake kumi ya ubunifu mzuri yanaingia kwenye API bila tabu. Anataka kifaa kiwe kikweli, yani kisijifanye kina uwezo ambao hakina, sasa API inakurudishia 200, yani namba ya kusema mambo yamefaulu, halafu ndani imeandika "imeshindikana", huo ni uongo, programu yako itaamini pesa imeingia.

Nimetengeneza API ya kubuku boti za Shela na Manda huku Lamu, madevelopa wanalalamika tu. Nianzie wapi? (Mkomani)

Anzia ujumbe wa kosa. Hapo ndo developa anakutana na wewe, usiku, kachoka, hana wa kumuuliza. Huo ulonitumia unasema "ombi batili", batili vipi? Andika "simu iwe tarakimu 12 ianze na 254, umetuma 10 zinazoanza na 07". Na kama 07 unaijua si uipokee tu uigeuze mwenyewe, mbona umsumbue mtu? Halafu hapo jetini mtandao ukikatika abiria anabonyeza tena, analipishwa mara mbili, kwa hiyo kila ombi lije na namba yake ya kipekee, seva ikiiona namba ileile irudishe jibu la kwanza isilipishe tena. Usiandike kwenye maelezo "msibonyeze mara mbili", watabonyeza.

Kijana wetu kafuta data yote ya wateja kwa komandi moja, si uzembe huu? (Malindi)

Mi namtetea. Shigeo Shingo, injinia Mjapani, miaka ya 1960 alifundisha viwandani kitu kinaitwa poka-yoke: mtu kukosea ni kawaida, kifaa ndo kikatae kosa. Tazama laini ya simu, ile kona ilokatwa, ukiigeuza haikai. Komandi ya kufuta nayo ionyeshe kwanza inafuta rekodi ngapi, idai uandike jina la database kwa mkono, "ndiyo" peke yake haitoshi maana kidole kishazoea. Na huyo kijana mpeni nakala ya majaribio, funguo za data ya kweli alipewa za nini?

Paramita, yani vile vitu vya kujaza kwenye ombi, ngapi zinatosha? (Mkomani tena)

Chache, nyingine zijijaze zenyewe. Ukishaiachia watu wakaizoea kuiondoa ni ugomvi, hiyo ya rangi ya boti itoe leo kabla hajaitumia mtu.