Uvimbe wa Mishipa ya Damu Unaodhaniwa Kuwa Saratani ya Utumbo Mpana

SWALI: Daktari, pole na kazi. Mdogo wangu ana miaka 23, na tangu utotoni hutokwa na damu anapokwenda haja kubwa, bila maumivu yoyote. Ametibiwa bawasiri mara nyingi bila nafuu. Hivi karibuni alipimwa kwa kamera, akakutwa na uvimbe mwishoni mwa utumbo mpana, na sisi nyumbani tukajua ni saratani. Daktari wake anasema huenda ni mishipa ya damu tu, na amekataa kukata kinyama cha kupeleka maabara mpaka picha zaidi zipigwe. Je, hatucheleweshwi? Na kama si saratani, mbona anataja upasuaji?

JIBU: Nakupa pole wewe na mdogo wako. Kwa maelezo yako, sioni kwamba mnacheleweshwa; naona daktari mwangalifu.

Jambo lililonigusa zaidi katika barua yako ni muda. Si kawaida ya saratani kuanza utotoni na kuendelea kutoa damu kwa miaka mingi hivyo, ilhali hivyo ndivyo inavyojitokeza hemanjioma ya utumbo mpana, yaani uvimbe usio wa saratani unaotokana na mishipa ya damu iliyotanuka na kusongamana ndani ya ukuta wa utumbo. Ni ugonjwa adimu, na hupenda kukaa kwenye puru, yaani mwisho wa utumbo mpana karibu na njia ya haja kubwa, na sehemu ya utumbo iliyo juu yake kidogo. Kwa kuwa hutoa damu bila maumivu, wagonjwa wengi hutibiwa bawasiri kwa miaka, na ukuta ulionenepa unapoonekana kwenye picha, wazo la saratani huja haraka.

Kwa kamera, uvimbe huu mara nyingi huwa na rangi ya buluu au zambarau, ni laini, na huweza kunywea hewa inapopulizwa ndani ya utumbo, wakati saratani kwa kawaida ni ngumu na yenye vidonda. Picha za eksirei au CT (eksirei ya kompyuta inayoonyesha mwili vipande vipande) zinaweza kuonyesha vijiwe vidogo vya mviringo, ambavyo ni damu iliyoganda ndani ya mishipa na kushika chokaa. Kwa mtu mzima wa makamo, vijiwe vichache vya aina hiyo kwenye nyonga ni jambo la kawaida, lakini vikijikusanya kando ya puru ya kijana, daktari ana sababu ya kufikiria hemanjioma. Picha ya MRI, inayopigwa kwa sumaku, huonyesha vizuri zaidi uvimbe umeenea hadi wapi.

Kuhusu kinyama, kukikata kwenye mishipa iliyotanuka kunaweza kusababisha damu nyingi kutoka, na mara nyingi kipande chenyewe hakitoi jibu, kwa sababu ugonjwa uko chini ya utando wa juu. Hata hivyo, msilichukue hili kuwa sheria ya kila uvimbe: picha zisipoelekeza kwenye mishipa, kinyama ni lazima kichukuliwe, na hapo kuchelewa kuna madhara.

Upasuaji hutajwa kwa sababu ya damu inayopotea. Hemanjioma haisambai kwenye ini wala mapafu, lakini inaweza kumwacha mgonjwa na upungufu mkubwa wa damu, na siku nyingine kuvuja kwa kiasi cha kuhatarisha maisha. Uvimbe mdogo huweza kuondolewa kwa kamera. Ulioenea huhitaji kukata sehemu ya utumbo. Tofauti ni kwamba dawa za saratani na mionzi ya kuua saratani hazina kazi hapa, na mara nyingi inawezekana kuunganisha utumbo tena na kuiokoa misuli ya kuzuia haja. Muulizeni daktari wa upasuaji waziwazi kama misuli hiyo itabaki.

Wakati mnasubiri picha, mdogo wako apimwe wingi wa damu na madini ya chuma. Akitokwa na damu nyingi kwa mkupuo, akipata kizunguzungu au moyo ukienda mbio, apelekwe hospitali saa hiyo hiyo.