Usiku wa ubingwa ukiwakuta ugenini: niliyojifunza Abidjan

Marafiki wakipanga safari ya mashindano huhangaikia tiketi, viza, kadi ya homa ya manjano na pa kulala. Usiku wa ubingwa wenyewe hakuna anayeupangia, maana hakuna ajuaye kombe litaangukia kwa nani. Mimi na wenzangu tulikuwa Abidjan tarehe 11 Februari 2024, Ivory Coast walipoifunga Nigeria 2-1 na kutwaa AFCON kwenye ardhi yao. Tangu hapo kila rafiki anayesafiri na mpira namwambia haya.

Kubwa kuliko yote: ijue safari ya timu kabla hujaingia kwenye furaha ya wenye timu. Mtu anayeruka barabarani saa sita za usiku hashangilii magoli mawili tu. Anashangilia mwezi mzima wa kudhalilika na kuinuka, na wewe mgeni ukiuelewa mwezi huo utapokelewa tofauti kabisa.

Kwetu ilikuwa rahisi, kwa sababu mwezi huo tuliuishi. Tulikwenda kwa ajili ya Taifa Stars. Kule San-Pédro tulipigwa 3-0 na Moroko, kisha tukaongoza dhidi ya Zambia kwa goli la Msuva hadi dakika ya 88, Patson Daka akasawazisha, tena Zambia wakiwa kumi uwanjani tangu kipindi cha kwanza. Iliuma mno. Tukapanda hadi Korhogo, kaskazini kabisa, tukatoka 0-0 na Kongo na safari yetu ikaishia hapo. Lakini usiku uleule Moroko waliifunga Zambia 1-0, na goli hilo ndilo lililowaokoa wenyeji. Walikuwa wamechapwa 4-0 na Guinea ya Ikweta mbele ya watu wao, wakabaki kusubiri kama watapenya miongoni mwa timu bora zilizoshika nafasi ya tatu. Sare tu ya Zambia ingewatoa. Kocha Jean-Louis Gasset alikuwa ameshaondolewa, na timu akapewa msaidizi wake, Emerse Faé.

Baada ya hapo Senegal, bingwa mtetezi, akatolewa kwa penalti. Mali akasawazishiwa dakika ya 90 na wenyeji walio pungufu, akafungwa la pili mwisho kabisa wa muda wa nyongeza. Kongo akafungwa 1-0 na Sébastien Haller, mtu aliyegundulika na saratani mwaka 2022, akatibiwa, akarudi uwanjani. Fainali nayo Haller ndiye aliyeimaliza, dakika ya 81. Nani asingelia?

Sasa, mahali pa kuangalia. Chagueni sehemu moja tangu mwanzo na mrudi hapohapo kila mechi. Sisi tulipata maquis moja Yopougon, mtaa wa Abidjan; maquis ni mgahawa wa wazi wenye viti vya plastiki na televisheni iliyotolewa nje, tukawa tunakula attiéké, chakula chao cha muhogo, na samaki wa kuchoma kila jioni. Mama mwenye mgahawa tulimwita tantie, yaani shangazi, kama wateja wenzetu walivyomwita. Kifaransa chetu kilikuwa cha kuombea maji, lakini salamu tulizijua, na tulikuwa na habari moja ya kuwapa: AFCON ya 1980 kule Lagos, Tanzania ilitoka 1-1 na Ivory Coast. Mzee mmoja aliposikia hivyo alituvutia viti, akaanza kutaja wachezaji wa enzi zake, na kuanzia jioni ile hatukuwa tena wapita njia. Siku ya fainali mtaa ulijaa hadi barabarani, na viti vyetu tulivikuta vimewekwa.

Faida yake si heshima tu. Wenyeji wanaokujua ndio watakaokuambia njia ipi usipite, ndio watakaomwambia kijana aliyelewa akuache, na ndio watakaokuvuta mkono wakati wa kucheza ukifika. Ngoja uvutwe. Kipenga cha mwisho kilipolia, dakika za kwanza zilikuwa zao. Watu walikumbatiana na ndugu zao, wengine walipiga magoti. Tulisimama pembeni tukipiga makofi. Muda si mrefu tantie mwenyewe alitufunga vitambaa vya rangi ya chungwa shingoni na tukaingia.

Kuhusu mavazi, vaeni jezi ya nchi yenu. Ya wenyeji ni nzuri pia, lakini jezi ya Stars ilitufungulia mazungumzo usiku kucha. Mtu anaisoma, anakumbuka kundi letu, anataja Moroko na kucheka kwa shukrani. Bendera za Moroko zilipepea Abidjan kama za nyumbani. Ya timu iliyofungwa usiivae kwa utani hata kidogo.

Na hao waliofungwa msiwasahau. Abidjan ina Wanigeria wengi wanaoishi na kufanya biashara pale, na usiku ule walipita kimya kando ya kuta. Kuwapa mkono hakumpunguzii mwenyeji chochote. Mimi zaidi nakumbuka nusu fainali. Kule Korhogo tulikuwa tumekutana na Wakongo wa Goma na Bukavu, tukafurahi kuzungumza Kiswahili mbali namna ile na nyumbani, ingawa tulikuwa wapinzani. Tarehe 7 Februari, wimbo wa taifa lao ukipigwa, wachezaji wa Kongo waliziba midomo kwa mkono mmoja na kuelekeza vidole viwili kichwani mithili ya bunduki, ili dunia ione mauaji yanayoendelea mashariki mwa nchi yao. Wenzetu wale wana ndugu kulekule. Timu yao ilipotolewa, mji ukalipuka kwa furaha, na sisi tulikwenda kwanza kukaa nao. Kusherehekea kungeweza kusubiri. Ukisafiri na mpira, utu wako unaonekana hapo kuliko popote.

Niseme pia habari ya usalama, na nawasihi msiisome juujuu. Abidjan inaijua misongamano. Machi 2009, kwenye uwanja wa Félix Houphouët-Boigny, watu wasiopungua 19 walikufa kwa kukanyagana katika mechi na Malawi. Alfajiri ya mwaka mpya 2013, wapatao 60 walikufa karibu na uwanja huohuo wakitoka kuangalia fataki. Sisi wa Dar es Salaam nasi tuna kidonda cha Uwanja wa Uhuru, Machi 2021, waliofariki 45 tulipokwenda kumuaga Rais Magufuli. Hakuna hata mmoja kati ya hao aliyetoka nyumbani akitafuta hatari.

Kwa hiyo kaeni kingoni mwa umati, wala si katikati. Epukeni madaraja, Abidjan imekatwa na ziwa la pwani la Ébrié, na mtu akishaingia darajani na umati hana pa kutokea isipokuwa mbele au nyuma. Mkijikuta mmebanwa hadi mikono haina nafasi, pandisheni mikono kifuani mlinde pumzi, msisukumane na wimbi. Likilegea, sogeeni kimshazari kuelekea pembeni. Simu ikianguka, iacheni. Anayeinama ndiye anayekanyagwa.

Mtandao wa simu utazidiwa, hilo mlihesabu. Kubalianeni mapema mahali pa kukutana penye jina ambalo mwenyeji yeyote atalielewa, na saa ya kukutana. Tembeeni wawiliwawili, na dada katika kundi asiachwe peke yake hata kwa dakika za kwenda msalani. Pesa bebeni sarafu na noti ndogo za faranga ya CFA, pesa ya kule, maana chenji Abidjan ni tabu hata siku za kawaida. Pasipoti ibaki mlikofikia, mtembee na nakala.

Usafiri? Hakuna. Teksi zitakuwa zimepakia watu juu ya boneti, za kwenye programu hazitafika, na gbaka, vile vibasi vyao kama daladala, zinakwenda mbio na milango wazi na vijana wakining'inia. Msipande. Laleni mtaa uleule mnaosherehekea, mrudi kwa miguu. Sisi tulihama mtaa wa Cocody kwenda Yopougon kabla ya fainali kwa sababu hiyo tu.

Siasa za wenyeji ziacheni. Nchi ile iligawanyika vitani tangu 2002, ikamwaga damu tena baada ya uchaguzi wa 2010, na pale kwenye maquis aliyekaa kulia kwako na wa kushoto huenda walikuwa pande tofauti. Usiku ule walikuwa wamevaa rangi moja. Mgeni hana la kuuliza hapo. Askari nao msiwapige picha.

La mwisho, ndege. Msikate tiketi ya kuondoka kesho yake asubuhi. Jumatatu ile timu ilizungushwa mjini na kombe, na barabara zilisimama. Wekeni akiba ya usiku mmoja au miwili zaidi. Hilo liwahusu pia watakaovuka mpaka kwenye AFCON ya 2027 ya Kenya, Uganda na Tanzania, kwani basi la Nairobi au Kampala nalo halitatoka stendi kwa wakati kama kombe limebaki huku kwetu.