Kocha wa Tatu, Msimu Haujaisha

Barua za mwezi huu karibu zote zinahusu timu zinazoyumba. Wengi wenu mnajua niliwahi kuwa katibu wa klabu hapa Dar enzi za tiketi za kuchana na vitabu vya risiti, kwa hiyo nikijibu maswali ya mpira naangalia kwanza ofisini, uwanjani baadaye. Asiyependa hivyo aruke ukurasa, mapishi yako mbele.

SWALI: Shikamoo Mzee. Mimi ni shabiki wa timu moja ya Ligi Kuu hapa mjini, naomba nisiitaje maana viongozi wake ni majirani zangu. Tuko wa pili kutoka mkiani. Tangu ligi ianze tumeshabadilisha kocha mara mbili, huyu wa sasa ni wa tatu. Mtendaji mkuu aliondoka Desemba, yupo anayekaimu. Mwenyekiti anasema bodi ina imani na kocha, msemaji anasema tathmini inaendelea, na mjumbe wa kamati ya mashindano anapiga simu redioni kusema kocha hafai. Hapo nani anaamua? Na huyu wa tatu naye tumtimue? (Dereva wa bajaji, Temeke)

JIBU: Marahaba mwanangu. Nianze na la mwisho: mwacheni. Simjui, huenda hata si kocha mzuri. Lakini dirisha dogo la usajili limefungwa na hakusajili mchezaji hata mmoja. Amekabidhiwa sufuria iliyokwisha ungua. Mkimtoa, wa nne atakuta wachezaji walewale, na wiki mbili za kwanza atazimaliza akijifunza majina yao.

Watu wa kijiweni wanapenda kuhesabu makocha, kana kwamba idadi ndiyo inayoshusha timu. Hebu tuhesabu basi. Msimu wa 2023/24 Simba ilipigwa 5-1 na Yanga mwezi Novemba, kocha Robertinho akaondoka siku chache baadaye. Akaja Benchikha, naye Aprili akaaga. Juma Mgunda akamalizia, timu ikawa ya tatu nyuma ya Azam. Msimu uliofuata zamu ikawa ya Yanga: Novemba 2024 walifungwa na Azam, wakafungwa tena 3-1 na Tabora United, kocha Gamondi akaondoka. Akaja Ramovic, na Februari akachukua ndege kwenda Belouizdad ya Algeria. Miloud Hamdi akamalizia, kombe likabaki Jangwani, kwa Yanga.

Makocha watatu kila upande, mmoja bingwa na mwingine wa tatu. Tofauti haikuwa benchi. Yanga walikuwa na kikosi kilichojengwa kwa misimu kadhaa na rais yuleyule, Hersi Said, tangu Julai 2022. Aliyekuwa anasajili wakati Gamondi yupo ndiye aliyebaki anasajili Gamondi alipoondoka. Kwa Simba, mara tu baada ya msimu ule, Juni 2024, mwenyekiti wa bodi Salim Abdallah alijiuzulu na Mohammed Dewji akarudi kwenye kiti. Wao wenyewe waliona shida iko ghorofa gani.

Na mtu asiniambie hayo ni mambo ya wakubwa wa Kariakoo tu. Azam msimu wa 2013/14 walianza na Stewart Hall, akaondoka katikati, Joseph Omog akashika usukani, na wakachukua ubingwa bila kupoteza mechi hata moja. Mwenye timu alikuwa mmoja na alijulikana.

Sasa nani anaamua kwenu? Tafuta sahihi tatu: iliyo kwenye mkataba wa kocha, iliyo kwenye mikataba ya wachezaji, na iliyo kwenye hundi. Zikiwa za watu wanaokaa meza moja, timu inaweza kufungwa mechi tano na ikasimama. Zikiwa za watu watatu wasiosalimiana, hata ukimleta kocha bingwa wa Afrika atafundisha kikosi alichosajili mtu mwingine na atalipwa na mtu wa tatu, akikasirika. Huyo mjumbe anayepiga simu redioni, nakuhakikishia, ana wachezaji wake wawili au watatu humo ndani na kocha hawapangi.

Mimi kinachonitisha katika barua yako ni huyo anayekaimu, kuliko kocha. Anayekaimu anaogopa kusaini. Mchezaji ambaye mkataba wake unaisha Juni anakwenda kumuuliza kama ataongezwa, anajibiwa "subiri bodi". Akisikia hivyo mara mbili anaanza kupokea simu za timu nyingine, na miguu yake unaiona ikizima dakika ya 60. Basi la kwenda Kigoma kucheza na Mashujaa, zaidi ya kilomita 1,000, linahitaji mtu wa kuidhinisha fedha siku nne kabla ili vijana walale njiani kama binadamu. Likiidhinishwa jioni ya kuamkia safari, wanafika wamevimba miguu, wanafungwa mbili, na Jumatatu redioni mnajadili mfumo wa 4-3-3.

Kwa utaratibu wa misimu ya karibuni, katika timu 16 mbili za mwisho zinashuka moja kwa moja, ya 13 na ya 14 zinakwenda mtoano. Nyinyi mnaitafuta nafasi ya 14, basi. Mwambie mwenyekiti wako amthibitishe mtendaji wiki hii au alete mwingine, yeyote, mradi awe na kalamu.

SWALI: Mzee, kocha wa kigeni amefungwa mechi sita mfululizo. Mimi dukani kwangu kijana asipouza namwambia kwaheri. Kwa nini klabu zinababaika? (Mfanyabiashara, Kariakoo)

JIBU: Ndugu yangu, naye huyo kijana ana sheria zake, ila hayo tuyaache.

Kufungwa, kwa kanuni za FIFA, peke yake si sababu halali ya kuvunja mkataba wa kocha. Tangu Januari 2021 kanuni za uhamisho zina kiambatisho maalumu cha makocha. Chukua mfano: mmempa miaka miwili kwa milioni 15 kwa mwezi, mkamtimua baada ya miezi sita. Imebaki miezi 18, yaani milioni 270, na hiyo ndiyo anayoanza nayo kudai. Akipata kazi kwingine ndani ya muda huo, atakacholipwa huko kinapunguzwa kwenye deni lenu. Kama mlimwekea kwenye mkataba kiasi maalumu cha kuachana, kinafuatwa hicho. Ndiyo maana wenye akili huandika kabla ya kusaini kwamba timu ikishuka chini ya nafasi fulani, kuachana ni kwa mishahara miwili au mitatu. Wasio na akili husaini kwanza, wakapiga picha na jezi, karatasi wakaisoma baada ya kipigo cha nne.

FIFA ikiamua mlipe, mna siku 45. Zikipita, mnafungiwa kusajili mpaka mlipe, na kifungo kinaweza kufika madirisha matatu. Hapo ndipo utasikia timu imefungiwa, na shabiki anashangaa deni ni la kocha ambaye hata jina alishalisahau. Kocha mzawa yeye hupeleka shauri lake hapa hapa nchini, TFF, shirikisho letu la soka, na mara nyingi hapeleki kabisa, maana anajua mji ni mdogo na kesho atahitaji kazi.

Kwa hiyo ukisoma "wamekubaliana kuachana", elewa kuna watu wamekaa na kikokotoo mpaka usiku.

SWALI: Shikamoo babu. Nina miaka 20, nacheza timu ya Ligi Kuu. Kocha aliyenileta kaondoka, mpya hajanipanga hata benchi. Miezi miwili sijalipwa. Mjomba anasema niache mazoezi nirudi nyumbani, wakinihitaji watanitafuta. Nifanyeje? (Mchezaji, Mbagala)

JIBU: Marahaba mjukuu wangu. Mjomba wako anakupenda, ila katika hili usimsikilize. Ukiacha mazoezi, kesho asubuhi wewe ndiye umevunja mkataba, na wao wanaodaiwa watakaa kwenye viti kama walalamikaji.

Kwanza, una nakala ya mkataba? Usinijibu kwamba iko kwa kiongozi. Nimewajua wachezaji waliocheza misimu miwili bila kuwahi kushika karatasi waliyosaini. Iombe kwa maandishi. Ukinyimwa, hiyo barua ya kuomba itunze.

Pili, mishahara miwili isipolipwa una njia iliyo wazi katika kanuni: unaiandikia klabu barua ya madai, unaipa angalau siku 15 ilipe. Zikipita kimya, unaweza kuvunja mkataba ukiwa na sababu halali. Barua iwe na tarehe na igongwe muhuri wa kupokelewa. Ujumbe wa WhatsApp kwa meneja wa timu usiutegemee. Ndani ya siku hizo 15 uwe wa kwanza kufika mazoezini, na ukipewa jezi ya kikosi cha pili uivae. Kabla ya kutuma chochote wapelekee SPUTANZA, chama chenu wachezaji, wakusomee.

Unakumbuka sakata la Feisal Salum? Desemba 2022 alitaka kuondoka Yanga kwa kurudisha fedha, Kamati ya Sheria na Hadhi za Wachezaji ya TFF ikasema bado ni mchezaji wa Yanga. Ilifika Juni 2023 ndipo akaenda Azam, klabu zilipokubaliana. Yule alikuwa nyota wa Taifa Stars, nchi nzima inamjadili, na bado alikaa nje nusu msimu. Wewe ukikaa nje nusu msimu nani atajua?

Na kuhusu kocha mpya kutokupanga: nenda kwa kocha msaidizi, hao ndio hubaki. Muulize unakosa nini. Usimtaje kocha aliyeondoka, hata kwa wema. Timu ikiwa mkiani, jina la aliyetangulia halipendwi kusikika pale kambini.

SWALI: Kwa nini kocha mzawa hupewa timu ikiwa imeharibika tu, tena "kwa muda"? (Mwalimu wa michezo, Kigamboni)

JIBU: Mwalimu, kwa sababu ni rahisi kumpata, rahisi kumlipa, na rahisi kumrudisha alikotoka.

Mgunda mwangalie. Septemba 2022 alipewa Simba baada ya Zoran Maki kuondoka. Akaivusha timu mpaka makundi ya Ligi ya Mabingwa Afrika. Januari akaletwa Robertinho, Mgunda akawa msaidizi. Aprili 2024 Benchikha alipoondoka, simu ikapigwa kwa nani? Kwa Mgunda. Na Hemed Suleiman "Morocco" je? Januari 2024 Taifa Stars wako Ivory Coast kwenye AFCON, kocha Adel Amrouche kafungiwa na CAF, shirikisho la soka Afrika, kwa maneno yake, Morocco akashika timu katikati ya mashindano. Akaifuzisha AFCON ya 2025, tena kwa kuifunga Guinea hapa hapa Uwanja wa Mkapa. Fainali zilipokaribia, Novemba 2025, akaondolewa, akapewa Gamondi.

Sisemi mzawa daima ni bora, wapo wazawa niliowaona wakifundisha kwa kelele tu. Nasema kocha wa muda hana mamlaka na wachezaji wanajua. Akimweka nje mwenye jina kubwa, mwenye jina kubwa anahesabu siku. Klabu inayozama ikimpa mzawa timu, impe mpaka mwisho wa msimu kwa maandishi, na dirisha likifunguliwa naye aulizwe anamtaka nani. Gharama yake haifiki hata tiketi za ndege na nyumba ya Masaki za yule wanayemsubiri.

SWALI: Shikamoo. Kaka yangu ni mwanachama wa tawi. Timu inafungwa, sasa wanachangishwa elfu 20 kila mmoja kwa ajili ya "mambo ya nje ya uwanja", eti kocha amefungwa kwa uchawi na wapinzani. Kaka hana kazi, ananikopa mimi ninayeuza chapati. Nimpe? (Buguruni)

JIBU: Marahaba dada yangu. Usimpe. Mchango huo haujawahi kuwa na risiti tangu mimi nikiwa katibu, na anayekusanya ndiye pekee anayemjua huyo mtaalamu wa Bagamoyo. Kama kaka ana hamu kweli ya kuisaidia timu, hiyo elfu 20 akanunue tiketi za mechi za nyumbani zilizobaki. Mapato ya mlangoni angalau yanaandikwa mahali.