Kuruka kitini kabla ya kuruka angani: ushauri kwa rubani mwanafunzi wa T-6 na kwa mkufunzi wake

Karibu kila anayesomea urubani katika Jeshi la Anga la Marekani hupitia kwenye T-6A Texan II. Ni ndege ya viti viwili, kimoja nyuma ya kingine, yenye injini ya Pratt & Whitney PT6 ya nguvu za farasi 1,100 na viti vya Martin-Baker vinavyoweza kumrusha rubani nje hata ndege ikiwa imesimama chini. Kwenye kambi za Columbus, Vance, Laughlin na Sheppard, wengi wanaokwama hawakwami kwa kukosa akili wala ujasiri. Ndege inawatangulia: wao bado wanawaza jambo la sekunde kumi zilizopita, na yenyewe imeshafika kwenye jambo la pili. Dawa ya tatizo hilo haipatikani angani, ambako kila saa ni ghali na mkufunzi anaandika alama. Inapatikana chumbani kwako, kwenye kiti cha kawaida.

Kwa msomaji wa Kiswahili, kwanza jambo la mlangoni. Rubani wa jeshi hilo lazima awe ofisa, awe na shahada ya kwanza na awe raia wa Marekani. Kadi ya ukaazi inaweza kukuingiza jeshini kama askari wa kawaida, lakini haikupeleki kwenye urubani. Ukihitimu na kuvishwa mabawa, yaani beji ya urubani, unadaiwa miaka 10 ya utumishi, na hesabu inaanza siku ya kuhitimu, si siku ya kujiunga. Ofisa wa jeshi la nchi nyingine hapeleki maombi yake mwenyewe. Hutumwa na jeshi lake kupitia mipango ya kiserikali, na mara nyingi huanza na masomo ya Kiingereza katika chuo cha lugha cha kambi ya Lackland, San Antonio. Usiyadharau masomo hayo. Kiingereza cha redio hutoka mbio na kwa ufupisho, na mtu aliyefundishwa kwa Kiingereza tangu sekondari bado anaweza kuachwa nyuma na mwongoza ndege wa Texas.

Sasa kiti. Bandika ukutani picha ya chumba cha rubani yenye ukubwa unaokaribia ule halisi. Mkono wa kushoto ushike kitu kitakachosimama badala ya wenzo wa nguvu za injini, wa kulia ushike fimbo yoyote badala ya stiki, yaani fimbo ya kuongozea ndege, miguu ikae juu ya vitabu viwili badala ya pedali za usukani wa mkia. Washa saa. Kisha ruka safari nzima kwa sauti, kuanzia kuwasha injini: kila swichi iguswe pale ilipo, kila wito wa redio utamkwe wote, kila kasi itajwe kwa namba. Kuruka kimoyomoyo hakutoshi, kwa sababu kichwa hupenda kuruka sehemu kisichoijua. Mdomo ukisita ndipo unapojua pa kurudia.

Sehemu inayostahili kurudiwa kuliko zote ni mzunguko wa kutua. Unauingia ukiwa na noti 200 (noti moja ni maili moja ya baharini kwa saa, yaani kilomita 1.85). Juu ya njia ya kurukia unakata kona kali na kupunguza nguvu. Kasi ikishuka chini ya 150, ndipo magurudumu yanaruhusiwa kutoka. Flapu (vibao vya nyuma ya bawa vinavyoshushwa ili ndege iweze kwenda polepole), ukaguzi, wito kwa mnara, kisha kona ya mwisho: noti 120 bila flapu, 115 kwa flapu za kurukia, 110 kwa flapu za kutua. Ukishanyooka na njia, kila moja ya kasi hizo hupungua kwa noti 10. Yote haya hayafiki dakika mbili, na upepo haujahesabiwa.

Upepo ndio unaoharibu. Ukivuma kwa ubavu na kukusukuma kuelekea njia, kona yako ya mwisho itapitiliza mstari. Mwanafunzi akiona hivyo huinamisha bawa zaidi na kuvuta stiki ili aurudie, akiwa chini na polepole. Hesabu yake ni hii: katika kona iliyo sawa, mwinamo wa digrii 45 hupandisha kasi ambayo bawa huacha kubeba ndege kwa asilimia 19 hivi, na digrii 60 huipandisha kwa asilimia 41. Akiba uliyokuwa nayo imeliwa na mkono wako mwenyewe. Kwa hiyo kitini fanya mazoezi ya kona iliyoharibika mara nyingi kama unavyofanya ile nzuri: mwinamo ukitaka kuzidi 45, sawazisha mabawa, ongeza nguvu, zunguka upya, yaani usitue bali panda na uanze mzunguko tena. Hakuna mkufunzi mwenye akili anayemkata mtu alama kwa kuzunguka upya. Anamkata kwa kuchelewa kuamua.

Na ukiongeza nguvu, ongeza na mguu wa kulia. Propela ya T-6 huvuta pua kushoto kila nguvu inapopanda, na ingawa kuna kifaa kinachosaidia kurekebisha usukani wa mkia, hakimalizi kazi. Ukiona kimpira cha kipimo cha mteleza kimekwenda upande, kanyaga pedali ya upande huohuo.

Hatua za dharura zilizoandikwa kwa herufi nzito kwenye kitabu cha ndege hukaririwa neno kwa neno. Wengine huona ni ukasuku. Subiri mpaka injini inyamaze. Injini ikizimika angani, hatua ni tatu: badili kasi ya ziada kuwa kimo au teleza, usishuke chini ya noti 125; rudisha wenzo wa nguvu hadi kuzima; kamata njia ya kutua bila injini. Njia hiyo ina alama mbili za kushika. Ya juu iko juu ya uwanja kwa futi 3,000 kutoka ardhini, ya chini iko ubavuni mwa uwanja kwa futi 1,500, zote kwa noti 120 magurudumu yakiwa nje.

Swali la kujiuliza kila dakika chache, hata ndege ikiwa nzima, ni kama kimo chako kinakufikisha. T-6 iliyokunja magurudumu na flapu huteleza maili 2 za baharini hivi kwa kila futi 1,000. Uko futi 8,000 juu ya ardhi? Toa 3,000 za alama ya juu, zinabaki 5,000: maili 10. Upepo ukiwa usoni, punguza. Mwanafunzi anayeanza hesabu hii baada ya injini kuzimika huwa ameshapoteza futi ambazo zingemfikisha.

Kila asubuhi kuna kikao ambapo mmoja husimamishwa mbele ya wenzake na kupewa dharura: uko hapa, kimo hiki, taa hii imewaka, endelea. Kinachoangusha wengi ni kukimbilia orodha ya ukaguzi. Mpangilio hauvunjwi: dhibiti ndege, chambua hali na uchukue hatua, kisha tua mapema kadiri hali inavyoruhusu. Sema kwanza unaielekeza wapi pua, kwa kasi gani, mkono uko wapi. Ukikwama, sema bado unairusha ndege. Kukiri kwamba hukumbuki na kufungua kitabu kunakubalika, isipokuwa kwenye herufi nzito.

Kuhusu mwili. G ni kipimo cha uzito unaokukandamiza kwenye kona kali: G 4 ni mara nne ya uzito wako. Mtu aliyetulia bila kujikaza hupoteza uwezo wa kuona kwenye G 4 au 5 hivi, na T-6 inaruhusiwa kufika G 7. Suti ya G, vazi linalojaa hewa na kubana miguu na tumbo, huongeza G moja hivi. Kilichobaki ni misuli yako. Kaza miguu, makalio na tumbo kabla ya kuvuta stiki, jaza mapafu, funga koo, badilisha pumzi kila sekunde 3 kwa muda usiofika sekunde moja. Makosa ni yaleyale kila darasa: kuanza kukaza G ikiwa imeshafika, kutoa pumzi yote, kuzungumza katikati. Ubongo una akiba ya oksijeni ya sekunde chache tu, hivyo G ikipanda ghafla unaweza kuzimia bila kuona giza la kukutahadharisha. Ukiruka bila kunywa maji wala kulala, G uliyoivumilia jana itakulaza leo.

Kichefuchefu ni cha kawaida katika ruka za mwanzo. Kula chakula chepesi, kwa sababu tumbo tupu ni baya kuliko lenye mkate. Elekeza kiyoyozi usoni, angalia nje kwenye upeo wa macho, omba stiki. Usimeze dawa yoyote bila daktari wa marubani kujua. Ukiendelea kutapika, watakupeleka kwenye kiti cha Barany kinachozungushwa ili mwili uzoee. Si adhabu, na huwasaidia wengi.

Oksijeni ndiyo isiyo na mzaha. Mwezi Februari 2018 ndege zote za T-6 za jeshi hilo zilisimamishwa kwa wiki kadhaa kwa sababu ya matukio ya marubani kuathirika wakiwa hewani. Kila mtu ana dalili zake za kupungukiwa oksijeni: mmoja vidole humchoma, mwingine huona kila kitu kinachekesha, mwingine hukasirika. Zijue zako kwenye mazoezi ya ardhini na umwambie mkufunzi kabla ya kuruka. Ukihisi chochote, vuta pete ya kijani ya oksijeni ya akiba, anza kushuka chini ya futi 10,000. Majadiliano yafuate baadaye.

Kwa mkufunzi

Wengine huvishwa mabawa, wakapelekwa kambi ya Randolph, San Antonio, kusomea ukufunzi, na kurudi kufundisha kabla hawajarusha ndege yoyote ya vitani. Jambo la kwanza kulizoea ni kiti cha nyuma. Ukitua kutoka huko, kichwa cha mwanafunzi na pua vinakuficha njia, hivyo unatua kwa kutumia kingo zake za pembeni.

La pili, ambalo halina mwisho, ni kujua lini umnyang'anye mwanafunzi stiki. Ukiichukua mapema, hajifunzi kitu. Ukiichelewesha, mmekufa wawili. Mpaka huo usiuamue angani. Uweke chini kabla ya kuondoka, kwa namba: kasi hii ikipita, mwinamo huu ukizidi, kimo hiki kikifika, ndege ni yangu. Mwambie na yeye. Makabidhiano hufanyika kwa maneno pande zote mbili, na anayepokea hutikisa stiki kidogo kuthibitisha. Bila hivyo siku moja mtakuta kila mmoja anadhani mwenzake ndiye anayerusha.

Mazoezi ya kuanguka kwa kuzunguka ni mfano mzuri wa mipaka hiyo. T-6 ikituama kwenye mzunguko, pua huinama digrii 60 hivi chini ya upeo, kila duru huchukua sekunde 2 au 3 na kula futi 400 hadi 500. Kosa la mwanafunzi ni kukanyaga pedali ya upande uleule ndege inakozunguka, kwa sababu amekisia kwa macho. Mfundishe kuusoma mshale wa mgeuko kwanza, kisha akanyage upande wa pili mpaka mwisho, stiki iende mbele kidogo ya katikati bila kuegemea upande. Mpaka wa mwisho ni futi 6,000 juu ya ardhi: ndege ikiwa bado haijatii, mnajirusha nje kwa viti. Sentensi hiyo isemwe kwenye kikao cha kabla ya kuruka kila mara, hata kwa mtu aliyeisikia jana.

Uchovu utakujia kwa njia ya ratiba. Ruka moja ya saa moja na robo hubeba kikao kabla yake na kikao baada yake, na kupewa ruka mbili kunamaliza siku ya kazi. Sheria inakupa saa 12 za mapumziko kati ya siku na siku, na inakataza pombe saa 12 kabla ya kuruka. Mwanafunzi wa pili wa siku hupata mkufunzi mwenye subira ndogo zaidi. Hivyo mwenye matatizo mpangie ruka ya kwanza.

Kwenye kikao cha baada, usisome makosa kumi na mbili. Chagua mawili na uyafukue mpaka chanzo: hakuona, aliona akaamua vibaya, au aliamua vizuri mkono ukakosea? Kila jibu lina tiba yake. Kisha andika alama siku hiyohiyo, na andika kwa ajili ya mkufunzi atakayeruka naye kesho. "Kona ya mwisho dhaifu" haimsaidii. "Hupitiliza mstari upepo ukitoka kushoto, haongezi mwinamo mapema, huzunguka upya akiambiwa tu" inamwonyesha pa kuanzia.