Siku Moja Regensburg: Liache Basi, Baki Mjini

Meli za watalii zinazopita mto Danube kati ya Passau na Nuremberg nyingi husimama Regensburg, na ratiba zao hufanana: asubuhi matembezi na kiongozi, mchana safari ya basi ya kulipia zaidi. Ushauri wangu ni huu: asubuhi fuatana na kiongozi, mchana liache basi liende. Vita vya Pili vya Dunia havikuubomoa mji mkongwe wa Regensburg kama miji mingi ya Ujerumani, na tangu 2006 umo katika Urithi wa Dunia wa UNESCO. Wote unazungukika kwa miguu.

Anzia Daraja la Mawe, lililojengwa kati ya 1135 na 1146. Simama katikati uchungulie chini. Nguzo zake nene zimeyabana maji, kwa hiyo Danube inatokea upande wa pili kwa kishindo, inajizungusha na kutoa povu. Meli kubwa hazipiti hapo. Ndiyo maana yenu itafunga gati chini ya daraja, upande maji yanakoelekea.

Kando ya daraja kuna kibanda kikongwe cha soseji, Wurstkuchl. Soseji ni za nguruwe, zinachomwa kwa mkaa na kuliwa na kabichi chachu na haradali tamu. Usiyekula nguruwe, sogea tu ukutani utazame alama za mafuriko, uone mto huo uliwahi kupanda hadi wapi.

Karibu na kanisa kuu la Mtakatifu Petro, tafuta Porta Praetoria, lango la ngome ya Warumi iliyokamilika mwaka 179, enzi za Marcus Aurelius. Mawe makubwa ya lango yamo ndani ya ukuta wa jengo la baadaye, na unaweza kuyagusa. Wengi wanapita bila kugeuza shingo.

Muda wako mrefu uweke Neupfarrplatz. Hapa palikuwa mtaa wa Wayahudi hadi Februari 1519, pale Kaisari Maximilian I, aliyekuwa akiwalinda, alipokwisha kufariki. Baraza la mji likawafukuza, sinagogi likavunjwa, na mawe ya makaburi yao mengine yakapachikwa kwenye kuta za nyumba. Mchoraji Albrecht Altdorfer alikuwemo katika baraza hilo. Kabla ya kubomoa, alichora ndani ya sinagogi, na michoro hiyo ipo hadi leo. Mwaka 2005 msanii wa Israeli, Dani Karavan, aliweka sanamu nyeupe ya sakafuni inayofuata ramani ya msingi wa sinagogi hilo, mahali palepale. Watu wanakaa juu yake, watoto wanaruka kutoka nguzo hadi nguzo, na Karavan mwenyewe alitaka pawe mahali pa kukutana. Mama yangu, ambaye magoti yanamsumbua, alikaa hapo muda mrefu akiuliza maswali ambayo kiongozi wa asubuhi hakuwa na nafasi ya kuyajibu.

Njia zimetandikwa mawe, kwa hiyo vaa viatu vyenye soli nene. Ukumbi wa Reichstag, baraza la Dola Takatifu la Kirumi lililokaa hapa mfululizo kuanzia 1663 hadi 1806, unaingiwa kwa matembezi ya kuongozwa tu. Ulizia nafasi mapema.

Na kabla ya kulipa nauli, mbane wakala. Kati ya Straubing na Vilshofen, miji iliyo baina ya Regensburg na Passau, mto hauna mabwawa ya kuinua maji, na kiangazi kikikausha maji meli hukwama huko, abiria wakapakiwa kwenye mabasi. Muulize: hilo likitokea, Regensburg tutafika saa ngapi, na tutaondoka saa ngapi?