Je, mlio wa mbele ni shokomzoba au boljointi?

Ndugu mwenye Probox, hiyo "ko! ko!" unayoisikia ukipanda matuta ya Kondele, usikubali kuuziwa shokomzoba kabla boljointi (viungo vyenye kichwa cha duara vinavyoshikilia gurudumu na kuliruhusu kugeuka) hazijakaguliwa. Inua upande mmoja kwa jeki, weka stendi, kisha shika tairi juu na chini ulitikise. Likicheza, mwambie mtu akanyage breki huku ukiendelea kutikisa. Mchezo ukiisha, shuku beringi. Ukibaki, chomeka mtaimbo chini ya tairi uinue polepole huku fundi akitazama boljointi yenyewe. (Likicheza kushoto na kulia tu, hamia kwenye tai rodi, yaani fimbo ya usukani inayogeuza gurudumu.)

Angalia pia raba ya boljointi. Ikipasuka, grisi hutoka, maji na vumbi huingia, na kwa mvua za Kisumu chuma hakikawii kulika. Nyingi za magari haya zimefungwa kiwandani, hazina nipo ya kupigia grisi, kwa hiyo dawa ni kubadilisha. Kuna mafundi watakaokuambia waikaze kwa kuipiga welding. Kataa kabisa! Ikichomoka ukiwa mwendoni, gurudumu linalala na usukani unakuwa wa bure.

Nunua mpya, si ya kutolewa kwenye gari kuukuu, hata muuzaji wa Kibuye akuapie. Nati iwe mpya pia, na pini yake kama ipo. Ukimaliza, pitia wheel alignment (kunyoosha tairi zielekee sawa), la sivyo tairi zitalika upande mmoja.