Mtoto anarukaruka mpaka saa nne usiku, kweli hana usingizi?

SWALI: Jambo sana mama nesi. Niko huku Ndosho, Goma, niko na kijana wa miaka 4, anasoma materneli. Shida yetu ni kulala. Mwalimu anasemaka asubuhi anasinzia juu ya meza, akirudi saa sita anakula kidogo anacheza ndani, saa kumi usingizi unamukamata analala mpaka saa kumi na moja na nusu, kiisha usiku nguvu yote inamurudilia, anaruka ku fotee mpaka saa nne na nusu, baba yake akifika anamupatia telefone aangalie katuni ili atulie. Asubuhi saa kumi na mbili kumuamsha ni vita. Mama mkwe anasema nimupe siro ya kikohozi ile inaletaka usingizi, jirani naye eti kuna batoto hawana haja ya kulala mingi. Inje simuachake sana, parseli yetu ni mawe ya volkano tupu, akianguka ni magoti yote. Nifanye nini?

JIBU: Jambo mama. Siro acha kabisa, dawa ya kikohozi si dawa ya kulalisha mtoto, na kwa mtoto mdogo inaweza kuwa hatari. Mama mkwe mwambie mimi ndiye nimekataza, usijiingize kwenye ugomvi.

Sasa tuhesabu. Saa nne na nusu mpaka saa kumi na mbili ni masaa saba na nusu, ongeza moja na nusu ya mchana, tunapata 9. OMS, shirika la afya la dunia, katika mwongozo wake wa 2019 inasema mtoto wa miaka 3 na 4 alale masaa 10 mpaka 13, ya mchana yakiwa ndani. Kwa hiyo jirani amekosea, huyo kijana ana deni la usingizi na analilipa juu ya meza ya mwalimu.

Kinachotudanganya wazazi ni kwamba mtoto akichoka hafanani na mkubwa aliyechoka. Sisi tunasinzia, yeye anawaka. Mtoto wangu wa mwisho nilimkuta siku moja saa tatu usiku anazunguka meza anacheka peke yake, macho mekundu, anajivuta sikio, nikasema huyu leo hatutalala, nikamlaza kwa nguvu, na hata sijamaliza kuchomeka mustikere, chandarua cha mbu, chini ya matela alikuwa anakoroma.

Anza na mchana. Usingizi wa saa kumi ndio unakula usiku wako, mlaze saa saba akishakula, na saa tisa umuamshe hata akilia. Kutoka hapo mpaka giza awe inje. Mwongozo ule ule unataka dakika 180 za kutembeza mwili kwa siku, na kati ya hizo 60 ziwe za kukimbia kweli mpaka ahemee, si lazima kwa mara moja. Mawe ya Goma nayajua, mvalishe suruali nzito na viatu vya zamani, mpe mpira wa masashe ama tshukudu kadogo, kale ka kigari ka mbao ka kusukuma kwa mguu, mkipata uwanja hapo karibu ndiyo vizuri zaidi. Magoti yanapona mama.

Telefone ndiyo kazi ngumu maana inabidi uongee na baba. Umri huo ni saa moja ya ekran kwa siku, isizidi, na si kitandani, ule mwanga na zile kelele zinamwamsha mtoto aliyekuwa ameshaanza kulegea. Kama baba anafika usiku, basi wazungumze asubuhi wakati wa kuvaa viatu. Huku kwetu giza linaingia saa kumi na mbili na kitu mwaka mzima, hiyo ni bahati, itumie: bugali mapema, maji ya vuguvugu, kahadithi kamoja, taa chini. Usimvute kutoka saa nne mpaka saa mbili kwa siku moja, rudisha robo saa kila baada ya siku mbili tatu.

Ila akikoroma sana na pumzi inakatika, ama anachoka haraka akikimbia na viganja vimepauka, mpeleke kwa daktari, inaweza kuwa tonsili zimevimba, minyoo ama upungufu wa damu.

SWALI: Mama nesi, niko Kadutu, Bukavu. Binti yangu wa miaka 5 anapanda mlima kwa miguu kutoka masomo, dakika 20 hivi, dada yangu ananigombeza eti namtesa, nimpandishe pikipiki. Miguu haitaharibika?

JIBU: Haitaharibika. Kuanzia miaka 5 OMS inaomba wastani wa dakika 60 za mazoezi kwa siku, sasa huo mlima umeshampa 20 bila franka hata moja, na moyo na mapafu yanafaidi. Mshike mkono tu penye motari wengi. Begi ndiyo umbebee wewe.